Mlio wa Mrindoko

Mtu mmoja wa milimani alikuwa na baragumu, na hakuna aliyempita kwa kulipuliza. Jina lake Mrindoko. Vijiji saba vilikaa kando ya mto mmoja, kila kijiji na mpiga baragumu wake. Kila mpigaji akisikia habari kutoka juu, huipitisha chini. Lakini kila kijiji kilikuwa na milio yake. Habari ya ng'ombe waliopotea ilianzia juu, ikafika chini imekuwa mwaliko wa harusi.

Wapigaji wakakutana. Wakabishana siku mbili, kisha wakaafikiana: milio mitatu mifupi ni mafuriko, mmoja mrefu ni msiba. Sita wakaacha milio ya kwao, mmoja wao akilia. Mrindoko alinyamaza, wakadhani ameridhika. Moyoni alikuwa amekataa. Kwake mafuriko yalikuwa mlio mmoja mrefu aliofundishwa na marehemu baba yake. Mkewe alimsihi aufuate mwafaka.

Masika yakaja. Asubuhi moja Mrindoko akasikia milio mitatu mifupi kutoka juu. Akaelewa. Akakimbilia jabalini, akapuliza mlio wa baba yake kwa pumzi zake zote. Watu wake, waliouzoea mlio ule, wakapanda mlimani, wakapona wote, naye akaketi akihema, ameridhika kwamba kazi yake ameifanya.

Watu wa kijiji cha chini walimsikia. Wakaacha majembe, wanawake wakajifunga kanga, wakajiandaa kwenda msibani kwa njia ya mtoni. Nakiete, binti yake Mrindoko aliyeolewa huko, alisita mlangoni. Mlio ule alikua nao, na utotoni mwake ulikuwa na maana nyingine. Lakini baba yake alikuwa ameketi kikaoni pamoja na wenzake, na Nakiete hakumdhania kuwa mtu wa kugeuka. Basi amefiwa kweli. Labda ni mama. Akatangulia mbele ya wote, akikimbia.

Maji yakawakuta njiani, yakamchukua Nakiete aliyetangulia.

Siku ya tatu Kiondo, mume wa Nakiete, akapanda kwa Mrindoko. Hakuketi alipokaribishwa.

"Tulikusikia vizuri, baba," alisema. "Ulituambia umefiwa, tukaja kukupa pole."

Mrindoko alifungua kinywa aeleze kwamba yeye alitangaza mafuriko, si msiba. Akaona uso wa mkwewe, akakifunga.

Nanyi mnaojitetea kwa kusema, "Mimi niliwaambia," je, mmewahi kumwuliza aliyesikia alisikia nini?