Jicho Lisilopiga Hodi

Mtu mmoja alikuwa na nyumba yenye ukuta, na nyuma ya nyumba alikuwa na pampu ya maji. Jina lake Hemedi. Pampu ikaibiwa. Akanunua nyingine, nayo ikaibiwa ingali mpya. Hapo akasema basi, akamwita fundi, akafungiwa kamera nne, na tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyegusa hata ndoo yake. Alifanya vyema. Simcheki mtu anayelinda jasho lake.

Lakini kamera ya nne ilikaa juu ya kona, na kutoka pale iliona pampu, ikaona ukuta, ikaona na uani kwa jirani. Hemedi aliligundua hilo siku ya kwanza, kwenye simu yake. Akajisemea, mimi silindi kwao, nalinda kwangu. Lo! Moyo wa mtu haukosi wakili. Akaiacha vilevile.

Jirani yake aliitwa Mwanamvua, naye alikuwa akimuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Kila asubuhi alitandika mkeka uani, akamtoa mama, akamvua nguo, akamwogesha, akamkanda kwa mafuta ya nazi, kisha akamfunika kanga na kumwacha aote jua. Bikizee yule hakuwa na raha nyingine iliyombakia. Saa ile hata mwanawe wa kiume haingii uani. Husimama mlangoni akapiga hodi, na akiambiwa subiri, anasubiri.

Siku moja Hemedi alimkuta Mwanamvua dukani, akamwonea huruma kwa moyo safi kabisa. Akamwambia, "Pole na uuguzi, jirani. Kile kidonda cha mgongoni mwa mama msikiache, kisije kikachimbika."

Mwanamvua akashukuru, akachukua unga wake, akarudi. Alipofika mlangoni kwake ndipo akasimama. Kidonda kile alikijua yeye, na mama yake, na Mungu. Akainua macho kwenye kona ya ukuta. Aliona haya, kisha akapandwa na hasira, kisha akakunja mkeka.

Kuanzia kesho yake mama aliogeshwa chumbani, kwenye beseni, dirisha limefungwa. Siku ya nne bikizee akauliza jua limekwenda wapi. Mwanamvua hakumjibu, kwa kuwa kumwambia kwamba ameonekana kungemuua kwa aibu.

Akaenda kwa Hemedi. Geti lilikuwa wazi, naye hakuingia. Alisimama nje, akapiga hodi mara tatu, akangoja mpaka mwenyewe alipotoka. Kisha akasema: "Jirani, geti lako liko wazi na bado nimepiga hodi mara tatu. Jicho lako lilipiga ngapi lilipoingia kwa mama yangu?"

Hemedi alileta ngazi na bisibisi, akaigeuza kamera, na pampu ikaonekana vizuri kuliko mwanzo. Kazi yote haikufika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Lakini mkeka haukutoka tena. Mwanamvua aliitazama kona ile kila asubuhi, akaona kamera imegeuka, na bado mikono yake ilikataa kutandika. Mama alikufa masika yale, mle chumbani, hajaliona jua tena.

Basi nanyi mnaolinda nyumba zenu, lindeni. Ila niambieni: upande wa pili wa ukuta wako, ni nani aliyekunja mkeka wake?