Ubao Uliogawa Maji

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitikia kama watu waliolala na njaa. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kimoja chenye mitaa miwili. Mtaa wa Mawe na mtaa wa Migomba. Mfereji uliteremka mlimani ukiwa mmoja, ukifika kwenye panda unagawanyika. Mkono mmoja Mawe, mkono mmoja Migomba.

Kila mwaka, mbegu zikishaota, mitaa hiyo ilichezea maji. Ndiyo, ilichezea. Wanakaa watu wawili, ubao wenye vishimo katikati yao, kila mmoja na kete zake tatu. Unarusha simbi nne, vile vikombe vidogo vya baharini. Cheke cheke cheke, pwa! Zilizolala chali, mdomo juu, ndizo hatua zako. Kete yako ikikanyagwa na ya mwenzio, inarudi mwanzo. Anayetangulia kufikisha kete zote nyumbani, anauchukua ubao uleule, anakwenda pandani, anaziba maji ya wenzake mpaka mashamba ya kwao yashibe. Mwaka wa mvua, si neno. Mwaka wa kiangazi, walioshindwa walichimba mizizi ya porini.

Na mwaka huo ulikuwa wa kiangazi. Miche ya Migomba ilishaanza kujikunja.

Mawe walimleta Vuai. Vuai alikuwa na mkono wa bahati, kila mtu alisema hivyo, na yeye mwenyewe alisema zaidi. Migomba walimleta Bi Kazija, mfinyanzi, mwanamke mzee aliyekuwa haongei mpaka aulizwe.

Wakaanza. Cheke cheke cheke, pwa!

Vuai alirusha huku akiita, "Nne! Njooni nne!" Kete zake aliziacha popote. Bi Kazija hakuita kitu. Alijua kwamba simbi mara nyingi hulala mbili chali, mbili kifudifudi. Kwa hiyo hakuiacha kete yake hatua mbili mbele ya kete ya Vuai. Na za kwake alizipanga hivi kwamba ije moja, ije tatu, ana pa kwenda.

Cheke cheke cheke, pwa! Kete ya Vuai ikarudi mwanzo.

Cheke cheke cheke, pwa! Ikarudi nyingine.

Migomba wakaanza kutabasamu. Bi Kazija alibakiwa na kete moja, hatua moja afike. Vuai naye alibakiwa na moja, hatua nne, na zamu ilikuwa yake. Zote nne zilale chali, au basi.

Cheke cheke cheke, pwa!

Chali. Chali. Chali. Ya nne ikazunguka, ikazunguka, ikalala.

Chali.

Mawe wakapiga vigelegele. Migomba wakashika vichwa. Mimi nikifika hapa huwa naumia, sijui nyinyi.

Pandu, mtoto wa kaka yake Bi Kazija, akasema kwa uchungu, "Shangazi, umekosea wapi?"

"Sijakosea."

"Tumeshindwa, shangazi. Watoto watakula nini?"

"Tumeshindwa, na roho inaniuma kuliko yako. Lakini ukinirudisha pale mwanzo, nitacheza vilevile."

Kisha akamgeukia Vuai. "Mjukuu wangu, ulijua zitalala chali zote?"

"Niliziita, bibi, zikaja."

"Ziite tena."

Vuai akacheka, akaziokota. "Njooni nne!" Cheke cheke cheke, pwa! Mbili.

"Ziite."

Pwa! Moja.

"Ziite, mjukuu wangu, usichoke."

Pwa! Mbili. Pwa! Tatu. Pwa! Mbili tena. Vigelegele vikafifia. Vuai hakucheka tena. Alizitazama simbi, akamtazama mkewe aliyesimama na mtoto mgongoni.

"Bibi," akasema polepole, "na mwakani?"

"Mwakani hata mimi sijui. Nimecheza vizuri leo, na wajukuu zangu watalala njaa. Wewe wako utawalaza vipi mwakani?"

Vuai akainuka. Akauchukua ubao, akaenda pandani, watu wote nyuma yake. Akaingia majini. Watu wa Mawe wakangoja azibe. Hakuziba. Aliusimamisha ubao katikati ya panda, ubavu wake ukatazama maji yanakotoka, yakagawanyika huku na huku.

Wa kwao wakaguna. Vuai akasema, "Mshindi ni mimi. Ubao nauweka nipendapo."

Migomba wakawa wanalia kwa furaha. Bi Kazija akainama, akayatazama maji.

"Vuai, sogeza ubao upande wetu kidogo."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwetu ni mteremko. Hapo ulipouweka, sisi tunapata zaidi."

Akausogeza. Na kuanzia hapo, Mawe hawakuguna tena.

Ubao ule ulisimama majini mpaka vishimo vyake vikaota kuvumwani. Mchezo haukufa. Walichora vishimo chini mavumbini, wakacheza, wakataniana, aliyeshindwa akaenda kwake kula.

Basi jifunzeni kucheza vizuri, maana kucheza vizuri kunasaidia. Lakini kusaidia si kuahidi. Chakula cha mtoto msikiweke kwenye simbi, hata mkono wenu ukiwa hodari namna gani.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayetaka kucheza, simbi zile pale. Maji ya kunywa yako mtungini, na ni ya wote.