Kuchakulo Aliyempa Nyati Jeshi Lake

— Jamani, mpo?
— Tupo!
— Mmekuja na nini?
— Na masikio!
— Yashikeni yasikimbie. Niwaambie kweli?
— Tuambie uongo, kweli tunayo nyumbani!

Haya. Uongo wangu nautoa mzima, siutii maji. Asiyeutaka, mlango ule pale.

Palikuwa na kilima, palikuwa na bonde. Kilimani alikaa Nyati, bondeni alikaa Kuchakulo. Nyati mnamjua: shingo nene, pembe nzito, hasira ziko karibu. Kuchakulo ni yule mdogo mwenye mkia wa manyoya, mchimba mashimo, ambaye hata akisimama wima hafiki goti la mbuzi. Alikuwa mjane. Alikuwa na watoto wachanga, na watoto hao walikuwa shimoni, kando ya chemchemi ya pale bondeni.

Sasa chemchemi hiyo ilikuwa na tope. Tope laini, tope baridi, tope la kulalia. Nyati alilitaka. Alitaka alale humo agaragare, ubavu huu, halafu ubavu huu. Na Nyati akigaragara kando ya shimo, shimo halibaki, na waliomo shimoni hawabaki. Hicho ndicho kilichogombaniwa. Asije mtu hapa akaniambia walipigania heshima.

Nyati akatangaza vita.

Ila vita vya nchi ile havikuwa kama ugomvi wenu wa uani, kila mtu anapiga na kila mtu anapiga kelele. Vilikuwa vita vya zamu. Palikuwa na mkwiro mmoja tu wa kupigia ngoma, na mkwiro huo aliubeba Kobe. Ukiletewa mkwiro, zamu ni yako. Unapiga ngoma yako, unasema jambo moja: "Nalima," au "Naita askari," au "Napiga." Unalitenda hilo hilo, basi. Unamrudishia Kobe mkwiro, anampelekea mwenzako. Na Kobe walimchagua makusudi. Wangemchagua Swala, vita vingekwisha kabla mtama haujaiva.

Palikuwa na sheria nyingine, ishikeni hii: askari akilala njaa kwa bwana wake, asubuhi yuko huru. Anachukua mkuki wake, anakwenda kutafuta chungu kingine, na hakuna wa kumwita msaliti.

Basi Kobe akapanda kilimani, tii-tu, tii-tu, tii-tu.

"Mkwiro huu. Zamu yako."

Nyati akapiga ngoma yake. NDIII!

"Naita askari!"

Wakaja nyani, na mikia yao juu.

Kobe akashuka bondeni, tii-tu, tii-tu, tii-tu.

"Mkwiro huu. Zamu yako."

Kuchakulo akapiga kingoma chake. Ti!

"Nalima."

Akapanda mihogo.

Kobe akapanda, tii-tu, tii-tu. NDIII! "Naita askari!" Wakaja ngiri.

Kobe akashuka, tii-tu, tii-tu. Ti! "Nalima." Akapanda karanga.

NDIII! "Naita askari!" Wakaja tumbili, wengi, wanasukumana.

Ti! "Nalima." Akapanda kunde.

Kule kilimani mkubwa wa nyani akamwendea Nyati, akainama. "Bwana mkubwa, jeshi limekuwa jeshi. Sasa hatulimi na sisi kidogo?"

"Tulime nini?"

"Chakula, bwana."

Nyati akacheka mpaka nzi wakaruka puani. "Wewe nyani una akili au una nywele tu? Mimi tangu nizaliwe nakula nyasi. Ulishamwona nani anapanda nyasi? Unaamka asubuhi, zipo. Chakula huota chenyewe! Hayo majembe mliyokuja nayo yakusanyeni, mhunzi ayafue yawe mikuki."

Majembe yakafuliwa. Ko! Ko! Ko! Yakawa mikuki. Na kila siku Nyati akalipanga jeshi lake kwenye majani ya kilima, likacheza gwaride. Kushoto, puu! Kulia, puu! Kushoto, puu! Kulia, puu! Vumbi likapanda, na Nyati akasimama pembeni anatabasamu.

Bondeni Kuchakulo naye alikuwa na jeshi lake, lile aliloachiwa na marehemu mumewe: kima, nguruwe mwitu na panya buku. Jemadari wao alikuwa Nungunungu, rafiki wa marehemu. Huyo maneno yalikuwa hayamkai mdomoni.

"Shemeji," akasema, miiba imemsimama, "wenzako wanaota mikuki, wewe unaota kunde. Akija hapa utamrushia mboga?"

"Shemeji, panda kichuguu uniambie unaona nini kule."

Nungunungu akapanda. "Naona moshi. Moshi mwingi. Vyungu vingi vinapikwa."

"Na mashamba?"

Nungunungu akatazama huku, akatazama huku. "Mashamba... sioni."

"Basi shuka."

Akashuka, lakini hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa akanuna.

Mara Kobe huyo, tii-tu, tii-tu, anahema. "Mkwiro huu. Zamu yako. Na Nyati kaniambia nikuambie wazi: zamu yake ijayo anapiga."

Shimoni mtoto mmoja akalia, nyii! Kuchakulo akainama mlangoni, akamwambia, "Nyamaza mwanangu, mama yupo." Kisha akainuka, akapiga kingoma. Ti!

"Natoa askari. Nampa Mjomba Nyati kima wangu wote."

Nungunungu akakaa chini, pwata!

Kobe akatafuna tafuna hewa. "Hilo halijawahi kusemwa."

"Lilikatazwa?"

Kobe akafikiri, na mnajua Kobe anavyofikiri. "Halikukatazwa."

"Basi mwambie Mjomba hivi: mpwa wako ameona kuwa ameshindwa. Lakini mimi ni mjane na wewe ni Nyati. Ukinipiga leo watu watasema umempiga mjane kwa jeshi dogo. Subiri kidogo, nikuletee na nguruwe wangu, jeshi lifanane nawe."

Kabla kima hawajaondoka, akawaita. "Wanangu, huko mwendako msimpige mtu. Msiibe. Msiseme uongo. Kazi yenu ni moja tu. Kuleni. Mkiulizwa mmeshiba, semeni kweli."

Kima mmoja akainua mkono. "Mama, na kama tumeshiba kweli?"

"Lini umewahi?"

Kima akafikiri. "Bado."

"Haya, nendeni."

Nyati alipowaona kima wanapanda kilima kwa mstari, moyo wake ukavimba. Mguu alikuwa ameshauinua aseme "Napiga," akaushusha. "Mpwa wangu ana adabu," akasema. "Acha alete na hao nguruwe." NDIII! "Naita askari!" Akaongeza nyani wengine juu ya nyani aliokuwa nao.

Ti! "Natoa askari. Nampa Mjomba nguruwe mwitu."

Nguruwe wakapanda. Wakafika, wakauliza swali moja: "Jikoni wapi?"

NDIII! "Naita askari!" Wakaja nyumbu, wanauliza wamefika wapi.

Ti! "Natoa askari. Nampa Mjomba panya buku."

Hapo Nungunungu hakuvumilia. "Shemeji, umebaki na nani? Umebaki na mimi! Nitume na mimi basi, umalize!"

"Wewe sikutumi."

"Kwa nini? Mimi si askari?"

"Wewe unakula mzizi mmoja unashinda nao siku nzima. Nikikutuma kwa Mjomba, nitakuwa nimemsaidia."

Miiba ya Nungunungu ikalala, mmoja mmoja, chra, chra, chra. Akatazama mihogo, akatazama kilima. "Ahaa," akasema. Akachukua jembe, akaenda kupalilia karanga, na tangu hapo hakununa tena.

Kule kilimani mambo yalikuwa hivi. Asubuhi jikoni: kwaruu, kwaruu, nguruwe wanakwangua vyungu. Mchana ghalani: guguna, guguna, panya buku wanaguguna milango, maana mtama wenyewe, ule askari waliokuja nao, ulishakwisha. Jioni kima wanaulizwa, "Mmeshiba?" nao wanasema kweli, kama walivyofundishwa: "Bado!" Na Nyati kila siku anakagua gwaride tu. Kushoto, puu! Kulia, puu!

"Bwana mkubwa," mkubwa wa nyani akasema, naye sasa mbavu zinahesabika, "ghala limebaki na buibui. Na buibui mwenyewe anafunga mizigo."

"Jeshi langu linafika wapi?"

"Linafika mpaka ule mti, bwana."

"Jeshi la kufika ule mti, nchi hii ilishawahi kuliona?"

"Hapana, bwana."

"Basi usiniletee habari za buibui. Kobe! Mkwiro!"

Kobe akampa. Nyati akapiga ngoma mpaka ngozi ikataka kupasuka. NDIIIIII!

"NAPIGA!"

Hakuna aliyeinua mguu. Halafu ikasikika, kwanza upande huu, kisha upande ule, kisha kila mahali: nguruuu... nguruuu... nguruuu...

"Mvua inakuja?" akauliza Nyati.

"Si mvua, bwana," akasema mkubwa wa nyani. "Ni matumbo."

Hawakula siku ile. Wakalala hivyo hivyo. Kulipopambazuka kila askari alikuwa huru, na upepo ulikuwa unatoka bondeni, na upepo huo ulikuwa unanukia mihogo ya kuchemsha.

Jeshi lote likateremka.

Nungunungu alikuwa wa kwanza kuwaona. Mikuki! Mikuki mpaka macho yanauma! Akakimbia. "Shemeji! Wanakuja! Wote!"

Kuchakulo akasimama mlangoni pa shimo la watoto wake, mwiko mkononi. Msidhani hakuogopa. "Ongeza kuni," akasema.

"Kuni?"

"Kuni, shemeji. Chungu kikubwa kisipoe."

Mkubwa wa nyani akafika mbele, akasimama. Mkuki wake ulikuwa mrefu kuliko nyumba ya Kuchakulo. Akauchomeka chini, akauegemea, maana miguu ilikuwa haina nguvu.

"Mama," akasema, "tumelala njaa kwa bwana wetu. Tumesikia hapa kuna chungu."

Kuchakulo akashusha pumzi. Fyuuu. "Kipo. Kaeni mle. Mikuki mwekeeni mhunzi wenu pale, irudi kuwa majembe. Kwangu anayekula leo, kesho analima."

Wakala. Wakala mihogo, wakala karanga, wakala kunde. Kima walipoulizwa kama wameshiba, wakasema kweli: "Bado." Lakini waliposema hivyo walikuwa wanasinzia.

Huku Kobe maskini alikuwa amerudi kilimani kuuchukua mkwiro wake, ambao Nyati hakuurudisha. Hakukuta nyani, hakukuta ngiri. Alimkuta Nyati peke yake, amesimama kwenye vumbi, anatafuta jani moja. Hakuna jani. Kushoto puu, kulia puu, nyasi za kilima chote zilikuwa zimepondwa zikawa unga.

"Kobe," akasema Nyati, na sauti yake ilikuwa ndogo, "na mimi nililala njaa kwa bwana wangu."

"Bwana wako nani?"

"Si mimi mwenyewe!"

Kobe akatafuna tafuna hewa. "Basi kwa sheria uko huru."

Wakashuka pamoja, Nyati anamsubiri Kobe njia nzima. Kuchakulo alipoona zile pembe zinaingia bondeni akasimama tena mlangoni.

"Mjomba, umekuja kupiga?"

Nyati akatazama chini, kwato zake zinachora udongo. "Nimekuja kula, mpwa wangu."

"Nyasi zako zile kule juu ya mto unaopita bondeni, sikuzigusa, nilikuwekea. Tope la kugaragara nalo liko kule, chini ya miamba. Huku kwa watoto, hata ukwato mmoja sitaki kuuona."

"Ulikuwa na tope lingine muda wote?"

"Lilikuwepo muda wote, Mjomba. Na kama zamu ya kwanza ungesema 'Napiga,' ungenimaliza. Nilikuwa na kima wachache na mbegu mkononi."

"Mbona hukuniambia!"

"Ulikuwa kwenye gwaride."

Nyati akafungua mdomo akasirike. Tumbo likamtangulia: nguruuu. Nungunungu akaanguka kwa kicheko, akajichoma na miiba yake mwenyewe.

Tangu siku ile Nyati anang'oa visiki vya shamba la bondeni kwa pembe zake. Kisiki ambacho nyani wangekihangaikia wiki nzima, yeye anasema "Hii!" na kisiki hicho chini. Watoto wa Kuchakulo wamefungua macho, wanamparamia mgongoni, wanamvuta masikio, wanamwita Babu. Yeye husema wanamsumbua. Wasipokuja, huenda kuwaulizia.

Na Kobe? Aliingia pale na mkwiro, akawakuta wote wamezunguka chungu kimoja. Akauliza, "Sasa zamu ya nani?"

Kuchakulo akamsogezea bakuli. "Yako. Kula."

— Jamani, mpo?
— Tupo!
— Masikio?
— Yapo!
— Yameshiba?
— Bado!

Nilijua. Basi uongo wangu umefika mlangoni, umepangusa miguu, umeingia ndani, umelala. Fundisho lake, uongo vilevile kama mlivyoniomba, liko wazi, hata mkaidi analiona: kuwa na wengi ndiyo kila kitu, shamba ni kazi ya waoga, na mtu akikutaka vita usimpe chochote, hata punje moja.

Na wewe uliyekaa karibu na ungo wangu wa karanga, nimekuona tangu Kobe anapanda mara ya kwanza. Sikukasirikii. Chukua na hizo zilizobaki, gawia wenzako. Halafu kesho mwende wote, mkiwa na njaa, kwa jirani yangu Mzee Likongwe, yule anayesema kila siku kwamba mpaka wa shamba lake unapita katikati ya uwanja wangu. Mwambieni nimewatuma. Mwambieni ni zawadi.