Mashindano ya Kupumzika

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na mashemeji kama sisi, kando ya ziwa moja kubwa waliishi marafiki wanne. Watatu walijaliwa miili: Kiboko, Nyati na Ngiri. Wa nne alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, ambaye ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani.

Mwaka huo mavuno yalikuwa mengi mno, na yaliwachosha wote. Nyati alivuta magogo ya kujengea maghala mpaka shingo ikakakamaa. Ngiri alichimba viazi vitamu hadi meno yakamlegea. Kiboko alivusha magunia ng'ambo na kurudi, ng'ambo na kurudi. Naye Pimbi alilinda mtama usiliwe na ndege, akipiga debe na kukemea tangu kunapopambazuka, mpaka sauti ikamkauka, akawa anazungumza na mkewe kwa mikono.

Kazi ilipokwisha, Kiboko akawaita wenzake akawaambia habari njema. Kule katikati ya ziwa kuna kisiwa kisicho na mwenyewe. Kina mchanga laini, kina kivuli, kina upepo usiokatika, na kina jiwe bapa kubwa linaloota jua kutwa nzima. Kwa nini wasiende huko wakapumzike, wao wanne tu, bila wake, bila watoto, bila jembe?

Pimbi aliposikia habari za lile jiwe, moyo wake ulitangulia safari. Hakuna kitu pimbi anachokipenda kama jiwe lenye joto. Mkewe akamfungia unga, karanga na kapu la dagaa wakavu, akamwambia, "Nenda, baba watoto. Ulale mpaka usahau jina lako."

Wakaondoka asubuhi. Nyati aliogelea ubavuni mwa Kiboko. Ngiri na Pimbi walikaa mgongoni pamoja na mizigo, Ngiri akiimba, Pimbi akiwa ameng'ang'ania sikio la Kiboko kwa mikono yote miwili. Hakujua kuogelea. Hata maji ya kunawa alikuwa akiyatazama kwa mashaka.

Kisiwa kilikuwa kizuri kuliko walivyoambiwa. Pimbi hakungoja. Alipanda kwenye jiwe lake, akatandika mkeka, akajinyoosha. Joto likampanda tumboni polepole. Akafumba jicho moja. Alikuwa anataka kufumba la pili, Kiboko akauliza kutoka kivulini ni nani atakayepika.

Nyati akasema kwato zake haziwezi kushika mwiko. Ngiri akasema moshi unamuumiza macho, tena ni ugonjwa wa ukoo. Kiboko akasema yeye ni mvushaji, na tangu lini mvushaji akapika? Kisha wote watatu wakamgeukia Pimbi.

"Ndugu yetu," Kiboko akasema kwa sauti tamu, "wewe una vidole."

Pimbi akavitazama vidole vyake, akaona kweli anavyo. Akakunja mkeka, akaenda kutafuta kuni.

Alipika siku hiyo akidhani kesho itakuwa zamu ya mwingine. Kesho ikafika, zamu ikawa ni yake tena. Asubuhi uji, mchana ugali, jioni viazi. Akimaliza kupika ateke maji, akimaliza kuteka asugue sufuria, na sufuria ya kumshibisha kiboko, wanangu, ni kubwa hata pimbi mwenyewe anaweza kupotelea ndani yake. Katikati ya hayo Nyati alitaka apungiwe nzi, na Kiboko alitaka akunwe mgongo, chini kidogo, hapana, juu kidogo. Kila Pimbi alipopita na ndoo kichwani aliwasikia wakiambiana kwamba, jamani, kupumzika ni kuzuri, sijui tulichelewa wapi. Lile jiwe akawa analiona tu anapokwenda kuanika viazi.

Mwishowe aliwaendea na maneno ya adabu. Akasema yeye pia alikuja kupumzika, akawaomba wagawane kazi, hata kama ni kuteka maji tu.

Kiboko hakufumbua hata macho. "Asiyetaka kupika," akasema, "aogelee arudi kwao."

Ngiri akacheka mpaka akakohoa. Nyati akageuka upande wa pili.

Pimbi akashuka mpaka ufukweni, akatazama ng'ambo. Nchi kavu ilikuwa uzi mwembamba tu juu ya maji. Akamkumbuka mkewe alivyomfungia lile kapu akimtakia usingizi, akalia kidogo, siwafichi. Kisha akanawa uso, akachukua mchanga, akaanza kusugua sufuria, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda na chakula hakijawa tayari.

Alipokuwa akisugua aliwasikia wale watatu wakibishana. Ngiri alikuwa anamwambia Nyati kwamba yeye Nyati hajui kupumzika, anatikisatikisa mkia. Nyati akamjibu kwamba anayekoroma kama Ngiri hapumziki, anafanya kazi. Kiboko akawaambia wote wawili wanyamaze, maana mpumzikaji wa kweli hapo alikuwa mmoja, naye alikuwa ndani ya ngozi yake Kiboko.

Pimbi akaacha kusugua. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaendea, mikono ikiwa bado na masizi, akaketi kwa heshima.

Akawaambia kwamba kwao majabalini jambo kama hilo haliamuliwi kwa maneno. Huamuliwa kwa mashindano. Wanaoshindana hulala chini pamoja, macho wamefumba, midomo wamefunga, mwili umetulia tuli. Wa kwanza kufumbua jicho, kusema neno au kujitikisa, huyo ameshindwa.

"Na aliyeshindwa?" Nyati akauliza.

"Aliyeshindwa hupika na kutumikia wenzake mpaka siku ya kurudi nyumbani. Haki ni hiyo. Asiyejua kupumzika apewe kazi."

Wakatazamana. Kila mmoja moyoni alikuwa amekwisha kumwona mwenzake jikoni. Ngiri tu ndiye aliyeshtuka kidogo, akauliza kwa nini Pimbi mwenyewe hashindani.

"Mimi tayari ndiye mpishi," Pimbi akasema. "Nishindanie nini? Tena mnahitaji mwamuzi. Au mtaaminiana ninyi kwa ninyi?"

Wakatazamana tena, wakaona hawaaminiani hata kidogo. Basi wakakubali. Pimbi akawaomba waape kwanza, maana mwamuzi asiyeapiwa hupigwa. Wakaapa kwa makaburi ya babu zao kwamba neno la mwamuzi halitapingwa, na kwamba mwamuzi atarudishwa kwao salama, mkavu, bila kinyongo. Pimbi akawaonyesha pa kulala kivulini, wamebanana, ubavu kwa ubavu, ili, kama alivyosema, awaone wote kwa jicho moja. Wakafumba macho. Mashindano yakaanza.

Kwanza Pimbi alipika. Alichemsha viazi, akakaanga karanga, kisha akatia dagaa katika mafuta ya moto, chwaaa, harufu ikatambaa mpaka puani mwa wale watatu. Akaketi palepale mbele yao akala taratibu, akivunja karanga moja moja, kakacha, kakacha, akisifu chumvi ilivyokolea. Tumbo la Nyati likanguruma kama radi ya mbali. Wenzake walitamani sana kusema kwamba hiyo ni kelele, ameshindwa huyo, lakini wangesema kwa mdomo gani?

"Tumbo limesamehewa," Pimbi akatangaza. "Halisikii la mtu."

Akaosha sahani yake ndogo moja tu. Kisha akachukua mkeka, akapanda kwenye jiwe, akalala. Alilala usingizi ambao alikuwa akiutafuta tangu ndege wa kwanza alipotua kwenye mtama.

Alipoamka, jua lilikuwa limehama na kivuli kimekwenda nalo. Akadhani atakuta ugomvi. Wapi! Wale watatu walikuwa palepale kama magogo, jua linawaunguza. Mgongo wa Kiboko, ambao haujazoea kukaa mbali na maji, ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Nzi alikuwa anatembea juu ya pua ya Nyati, anaingia tundu moja na kutoka jingine. Hakuna aliyejitikisa.

Hapo Pimbi akaingiwa na wasiwasi. Alijua majivuno yana nguvu, lakini hakujua yana nguvu kiasi hicho. Kiboko angeweza kupasuka ngozi kabla hajakubali kushindwa. Na hata akishindwa mmoja, itakuwa nini? Atapatikana mtumwa mwingine badala yake, basi. Pimbi hakutaka mtumwa. Alitaka wote watatu waijue ile sufuria.

Nyuma ya jiwe palikuwa na gogo bovu, na chini ya gogo hilo siafu walikuwa wanapita, mstari mweusi, kila mmoja na haraka zake. Pimbi akachukua kapu la dagaa. Akaanza kudondosha, dagaa mmoja hapa, mwingine pale, kutoka kwenye gogo mpaka walipolala marafiki zake. Mwishoni akamweka mmoja juu ya sikio la Nyati, mwingine kwenye kitovu cha Ngiri, mwingine kati ya mikunjo ya shingo ya Kiboko. Halafu akarudi jiweni akaketi kama hakimu.

Siafu mnawajua. Hawaumi wanapopanda. Hupanda kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakuenee mwili mzima, kisha huuma kwa pamoja kama waliopewa amri.

Amri ikatoka.

Wote watatu waliruka mara moja, wakapiga ukelele mmoja, wakakimbia bega kwa bega, wakajitupa ziwani, tubwi, tubwi, tubwi. Mawimbi yakafika mpaka chini ya jiwe. Walipotoa vichwa nje, kila mmoja alikuwa anamnyooshea mwenzake mguu akisema ni yule aliyeanza.

Pimbi akasimama juu ya jiwe. Akawangoja watulie.

"Nimetazama vizuri," akasema. "Mmeruka pamoja, mmelia pamoja, mmetumbukia pamoja. Wote mmeshindwa. Wote mtapika."

Kiboko alifungua mdomo wake mkubwa ili apinge, akayakumbuka makaburi ya babu zake, akaufunga.

Na jioni hiyo wakaanza kazi. Nyati alijifunza kwamba kwato zinaweza kushika mwiko, tena vizuri, ukiubana hivi. Kiboko alikwenda kuteka maji akarudi na ndoo tupu mara kadhaa, kwa kuwa kila alipoinama aliona raha ya maji akaingia. Uji wa kwanza uliungua, wa pili ukawa mabonge matupu, na wakaunywa kimya, kwa sababu hapakuwa na mpishi wa kumtukana, wapishi walikuwa ni wao wenyewe. Pimbi alikuwa jiweni. Akiletewa bakuli hushukuru.

Ngiri ndiye aliyekuwa na jambo moyoni. Siku moja, wenzake wakiwa porini kutafuta kuni, alimwendea Pimbi na kiazi alichokuwa anakimenya.

"Nilikuona," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuona ukidondosha dagaa."

Pimbi akageuka upande mwingine ili jua limpate vizuri. "Ulinionaje, ndugu yangu? Macho si yalikuwa yamefumbwa?"

Ngiri akafungua mdomo. Akaona shimo lilipo kabla hajatumbukia. Ikiwa alimwona, basi alifumbua jicho. Ikiwa alifumbua jicho, yeye ndiye wa kwanza kushindwa, na kazi yote ya jikoni, kuni, maji na ile sufuria, ni yake peke yake.

"Labda niliota," akasema.

"Usingizi mzuri huleta ndoto," Pimbi akamjibu.

Ngiri akarudi jikoni. Nyati aliporudi na kuni akamkuta anamenya viazi kwa bidii ambayo hakuwahi kumwona nayo, akamsifu.

Siku ya kurudi ilipofika, Kiboko akambeba mwamuzi kichwani, mkavu kama alivyoapa. Njiani akasema kwamba, ukitoa siafu, safari ilikuwa nzuri, na kwamba mwaka ujao baada ya mavuno waende tena. Pimbi akasema yuko tayari, ila kazi igawanywe kabla mtu hajatia mguu majini. Nyati akakubali, sikio lake bado limevimba. Lakini aliyekubali wa kwanza, kabla hata Pimbi hajamaliza kusema, alikuwa ni Ngiri. Akasema maji atateka yeye, na uji wa asubuhi pia, na wala haoni kwa nini jambo dogo kama hilo lijadiliwe mbele ya watu.

Wakafika ufukweni wanacheka. Mke wa Kiboko akamtazama mumewe, mgongo umebabuka, mikono ina masizi, macho yamezama, akamuuliza ni kisiwa gani hicho walichokwenda kupumzika. Kiboko akamwambia atamsimulia akiamka, akajilaza palepale.

Na mimi, wanangu, nawaachia hadithi hapa penye maji ya kina kifupi, kila mtu atoke kwa miguu yake, akijua kwamba raha ya wengi isiyogawana kazi ni utumwa wa mmoja.