Mtoto Aliyesifiwa Ngurumbi

Hapo zamani, na wewe uliyeegemea ukuta usiniulize zamani gani, mfanyabiashara mmoja jina lake Chande alitaka kwenda Ngurumbi, nchi asiyoijua. Akamchukua Tufo, kiongozi wa njia, amfundishe mambo ya huko.

Njiani Tufo akamfundisha. "Ukifika Ngurumbi, maji ya mto usinywe, kunywa ya kisima. Ukifika Ngurumbi, viatu viache nje. Ukifika Ngurumbi, usisifu kitu cha mtu."

"Kwa nini nisisifu?"

"Bwana, wewe shika nililokwambia."

Akashika. Walifikia kwa Mwanaulu, mjane mwenye mtoto mmoja tu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mwanaulu akaleta wali wa nazi. Chande akala, kimya. Akaleta kuku wa kupaka. Kimya. Akatandika mkeka mpya aliousuka mwenyewe. Kimya. Mama wa watu akaanza kunyong'onyea, na hata mimi ningeumia, tusidanganyane.

Basi akaingia chumbani, akamtoa mtoto. Kule Ngurumbi kila mtu anajua: mgeni akiwapo, unachokipenda unakificha. Yeye akamtoa, akamweka mbele ya mgeni, akangoja. Chande akaona machozi yanamlengalenga yule mama, akashindwa kuvumilia.

"Mashallah," akasema, "mtoto mzuri huyu."

Mwanaulu akaanguka magotini. Tufo akashika kichwa. Kwa desturi ya Ngurumbi, mgeni akisifu kitu, kimekuwa chake.

Wakaenda kwa Jumbe. Chande akasema hamtaki mtoto wa watu, anamrudisha. Jumbe akakataa.

"Kilichosifiwa hakirudi bure. Mtoto atabaki, lakini mwenye kosa hatarudi kwao maisha yake yote. Akiwa mmoja wenu wageni, hatatoka tena Ngurumbi. Akiwa Mwanaulu, ataondoka leo, na mtoto atalelewa na bibi yake. Semeni."

Tufo akasema, "Mimi nilimkataza. Angenisikiliza, tusingekuwa hapa."

Chande akasema, "Ulinikataza, sababu ukanificha. Ningeijua, ningeuma ulimi. Nilisema kwa huruma tu, nami nina mke na watoto wananingoja."

Mwanaulu akasema, "Kumtoa nilikosa, Jumbe, nakiri. Lakini mtu anakula chakula chako kama anatafuna majani, ufanyeje? Nilitaka neno moja jema ndani ya nyumba yangu. Na hawa wawili, mmoja alifunzwa kunyamaza na mwingine ndiye aliyemfunza."

Jumbe akawatazama mmoja mmoja, moyo ukamwia mzito, akasema waulizwe watu. Watu ndio nyinyi. Msinijibu "wote", jibu hilo Jumbe amekwisha kulikataa. Mtoto anamvuta mama yake kanga, anataka kubebwa, na mama anaogopa kumbeba.

Haya, semeni: kati ya watatu hawa, ni nani asiyerudi kwao?