Usifagie Kwanza

Ndugu zangu, kulikuwa na nchi moja ndogo huko Ulaya kwenye baridi. Ndogo kweli: ukisinzia kwenye basi, unaamka umeshavuka mpaka. Humo palikuwa na mji ambao nyumba zake zote zilipata joto kutoka mtambo mmoja. Maji ya moto yalipita kwenye mabomba chini ya ardhi mpaka kila nyumba. Mtambo uliendeshwa na kompyuta, na fundi wake mkuu alikuwa mama mmoja mpenda usafi, ambaye hata kijiko chake cha chai kilikuwa na mahali pake.

Asubuhi moja ya theluji akakuta kompyuta hazimtii. Akiwasha, zinazimika. Adui ameingia kwa njia ya mtandao, hakuvunja hata kitasa. Mabomba yanapoa. Na kule hospitali, wodi ya watoto wachanga, manesi wameanza kuvua makoti yao wawafunike watoto. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Nchi ile ilikuwa na agano na majirani zake: atakayemgusa mmoja wetu, ametugusa sote. Kupiga simu tu! Lakini mama yule akaona aibu. Akasema, "Wageni waje waikute nyumba yangu hivi? Ngoja nisafishe kwanza." Akaanza kufuta kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine. Mnacheka? Nani hapa hajawahi kusikia mchungaji yuko njiani, akasukumia vyombo vichafu uvunguni?

Alipomaliza ya pili, nesi akampigia. "Dada, huku maji yamekuwa baridi kabisa. Tufanyeje?"

Mama akalia. Ndipo akapiga simu nchi jirani, ile kubwa yenye wataalamu wengi. "Naomba msaada," akasema. "Lakini nipeni saa mbili nimalizie kufuta mashine. Zinatia aibu."

Fundi wa kule akapaza sauti: "Dada, usifute! Nyayo za adui ziko kwenye uchafu huo huo. Ukifagia, tutamfuata kwa njia gani? Tunakuja."

Wakaja, watu wa nchi nne. Kwenye zile mashine ambazo hazijafutwa wakaziona nyayo, wakamfuata adui, wakamtoa. Kufika jioni mabomba yakaanza kupata joto, na manesi wakavaa makoti yao.

"Sijui hata niwashukuruje," mama akasema.

Yule fundi wa nchi kubwa alikuwa ameshika simu, uso umembadilika. "Dada, sisi ndio wa kushukuru. Nyayo hizi niliwatumia wenzangu nyumbani. Wamemkuta adui huyo huyo ndani ya mitambo yetu, amekaa kimya mwezi mzima, anasubiri siku yake. Hatukujua! Kama ungefuta zote, tungejua lini?"

Sasa tuje kwetu sisi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi Jumapili tunafika hapa tumepigwa pasi. "Hamjambo?" "Hatujambo, Bwana asifiwe!" Na huku ndani mabomba yameganda.

Jumapili iliyopita mama mmoja alisimama pale, benchi la tatu. Hakufagia kwanza. Alisema mbele yetu wote kwamba mtoto wake amezama kwenye kamari za simu, hata ada ya chuo imekwenda huko. Tukamwombea, tukamwonea huruma. Tukajiona wasaidizi.

Tangu Jumatatu nyumba tatu zimenigongea mlango. "Mchungaji, hata kwetu." Nikawashauri, nikasali nao. Na nyumba ya nne, wapendwa, ni yangu. Jumatano nilimuuliza binti yangu kama naye anacheza kamari hizo, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alinipa simu yake mkononi, akalia, na usiku ule tulikula pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Mama yangu wa benchi la tatu, nilidhani mimi ndiye niliyekuja kukusaidia. Asante. Mungu akubariki sana. Asante.