Tope Juu ya Namba

Wanangu, palikuwa na mama mjane. Mumewe alimwachia difu la lori, mhimili mzima wa nyuma na kile kibuyu chake cha katikati, wa yale malori ya zamani yenye pua ndefu. Lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wanalilalia. Mama alitaka kuliuza apate cherehani, aachane na vibarua vya kulima mashamba ya watu.

Akaja mnunuzi wa vyuma. Mtu wa heshima, kanisani anakaa kiti cha mbele. Akachuchumaa, akaweka alama ya chaki, akazungusha shingo ya difu kwa mkono, midomo inahesabu. Akafuta ubavuni kwa kidole gumba, namba ikaonekana. Akaitazama weee. Kisha akachota tope, akaipaka ile namba, akasimama.

"Chuma chakavu hiki, mama. Nitakipima kwa kilo, nakusaidia tu."

"Ahsante, baba. Kwani chakavu huwa kinahesabiwa mizunguko?"

"Unasemaje?"

"Marehemu alikuwa anazungusha hivyohivyo, mimi nimemshikia spana. Anahesabu ajue ni difu la milimani au la tambarare. La milimani watu walikuwa wanalifuata mbali. Sasa wewe wa mzani ulikuwa unahesabu nini?"

Bwana akacheka. "Mambo ya mafundi hayo, mama, utayaweza wapi."

"Siyawezi. Ila hilo tope umelirudisha wewe."

Akaleta ndoo na gunzi, akaiosha namba mbele yake. Bwana akataja bei mara nne ya ile ya chakavu.

"Hiyo ungeisema kabla hujachota tope," mama akasema. "Sasa nitajuaje kama nayo hujaipaka?"

Akamuuzia mtu mwingine, fundi wa malori. Leo mama anashona.

Mnacheka? Mnamcheka nani? Yule bwana hakukosa kwa kutojua. Alijua, ndiyo maana akapaka. Na sisi je? Binti wa kazi anakulelea watoto mpaka wananawiri, unamwona. Jirani akikuuliza habari zake, unasema mzembe huyo, usije ukanyang'anywa. Tunasoma namba ya mtu, tunaipaka tope, halafu tunasema tunamsaidia. Msaada gani huo?

Aliyezigonga namba hizo anazisoma hata chini ya tope. Nanyi mmekuja hapa kumwinulia mikono. Haya, vitazameni kwanza vidole.